Utomvu, Silikoni na Chungwa la Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Ukungu tangu asubuhi. Kikao cha familia kwa baba mkwe. Nimeahidi jambo ambalo mtu mwenye akili asingeahidi. Ulimi hauna mfupa, na wangu hauna hata breki.

Ilikuwa hivi. Baba mkwe, Mzee Eliufoo, anatimiza miaka themanini na tano. Ibada ya shukrani nyumbani kwake Jumamosi ya tarehe 16. Mchungaji ameshakubali, kwaya imeshakubali, mbuzi hajaulizwa. Ndipo shemeji yangu Eliezeri, kaka wa mke wangu, mwenye ng'ombe saba wa maziwa na dharau za kulisha sabini, akasema Chungwa liondoke bandani. Mnunuzi wa vyuma chakavu atakuja na lori Jumatatu, tarehe 18.

Chungwa! Datsun ya michezo ya mwaka 1972, milango miwili, silinda sita, rangi ya chungwa lililoiva. Baba mkwe alilinunua kwa Mgiriki wa shamba la kahawa aliyekuwa anahama. Hakuna gari lililowahi kupanda Old Moshi kwa sauti ile. Sasa kuku wanatagia kiti cha abiria.

Baba mkwe hakubisha. Alisema tu kwamba angependa kulisikia mara moja kabla halijaenda. Alisema hivyo akiangalia fimbo yake. Nikaona macho yake, nikasimama. Mimi, Shedrack, karani mstaafu wa chama cha kahawa, nikatangaza kwamba Chungwa litanguruma siku ya shukrani. Eliezeri alicheka hadi akamwaga chai.

Sasa niandike la ndani, maana daftari halina mdomo. Chungwa nililiua mimi.

Mwaka 1994. Nilikuwa naliosha kila Jumamosi ili nipate kumwona Elinipendo, binti wa mwenye gari. Wiki ile Mzee Yoramu, fundi, jirani wa ng'ambo ya mfereji na rafiki wa baba mkwe tangu kipaimara, alikuwa ametoka kulitengeneza. Mimi nikaona tone la maji kwenye pampu. Tone moja! Nikafungua. Gasketi, ile karatasi ya kuziba kiungo, ikachanika. Nikakata nyingine kwa karatasi niliyokuwa nayo mfukoni, nikaipaka utomvu wa mgomba uliokorogwa na unga wa ulezi. Utomvu ukishika shati hautoki. Nikajua na kwenye pampu hautatoka. Ulitoka. Ukaenda zake ndani ya njia za maji ukaganda huko.

Kesho yake baba mkwe aliliwasha kwenda kanisani. Likachemka, likakaza, likafa. Akamwita Yoramu fundi asiyejali, mbele ya usharika mzima. Yoramu alifunga sanduku lake la spana, na tangu siku ile hajashika injini ya mtu. Hawajasalimiana tena. Miaka thelathini na moja, ng'ambo ya mfereji ambao mbuzi anauruka! Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu mbona imefika hapa?

Mpango: nitengeneze mwenyewe, kimya kimya. Chungwa likinguruma, mioyo italainika, hakuna atakayeuliza habari za zamani. Mpango hauna tundu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeshuka Moshi mjini. Duka la spea, karibu na soko la Mbuyuni. Nimeomba gundi ya gasketi. Binti wa dukani, Goodness kwa jina, akauliza ni ya kiungo gani. Nikamwambia vyote. Akasema silikoni nyekundu ni ya penye joto, nyeusi ni ya penye oili, na bluu ni ya maji. Halafu kuna viungo vingine havitaki gundi kabisa. Nikamwambia mimi nilizaliwa kabla yake. Nimechukua zote tatu.

Nyumbani Elinipendo ameuliza hiyo nyekundu ni ya nini. Nikasema ni dawa ya meno. Siri ni siri. Akasema basi nimwachie kidogo, yake imeisha. Imebidi niende kwa Mangi, duka la hapa kijijini, kununua dawa ya meno nyekundu. Haipo. Nimenunua nyeupe na kusema imepauka.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku mbili za kazi. Nimepaka kila nilipofikia. Kava la juu: nyeusi, unene wa siagi ya mtoto wa mwisho. Chini kwenye sampu, lile bakuli la oili: nyekundu na bluu pamoja, zisaidiane. Pampu ya maji sikuigusa. Roho ilikataa kuitazama.

Leo nimemimina maji kwenye rejeta. Yametoka mahali pasipo na tundu. Nimejaribu kuzungusha injini kwa spana. Haikutikisika. Nimeongeza bomba kwenye spana ili nipate nguvu. Spana imezunguka, injini imebaki, mimi nimekaa juu ya mayai.

Eliezeri amepita na ndoo ya maziwa. Ameuliza kwa upole, upole wake ule, kama nataka lori lije mapema.

Nimefikiri sana. Kuna mtu mmoja tu Old Moshi anayeijua injini ile. Ng'ombe akivunjika mguu hurejea zizini. Tatizo ni kwamba zizi lenyewe nililichoma mimi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Sikukuu, watu wako nyumbani. Siku mbaya kuiba injini, lakini nimeiiba!

Nimeinyanyua kwa mnyororo kwenye tawi la mparachichi. Tawi limevunjika baada ya injini kushuka salama, si kabla. Mungu ni mwema. Vijana wanne wa kwaya wameibeba kwa miti miwili, nimeifunika majani ya migomba. Baba mkwe alikuwa barazani. Shikamoo, shikamoo. Akauliza tumebeba nini. Nikasema majani ya ng'ombe. Akawatazama vijana walivyopinda magoti, akasema majani ya mwaka huu yamekomaa.

Tukavuka mfereji. Mzee Yoramu alikuwa anaanika kahawa. Ana miaka themanini na tatu, mikono yake bado mikubwa. Nikamweleza kwamba ni mashine ya kumwagilia ya rafiki yangu wa Kahe. Imekaza. Nikamwomba aitazame tu.

Alisema hashiki tena injini. Kisha akaweka kiganja juu yake. Kiganja kikakaa pale muda mrefu, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akasema watu wa Kahe wamebarikiwa, wana pampu ya mpunga yenye silinda sita na kabureta mbili. Akaingia ndani kutafuta sanduku lake.

Hajagundua chochote!

Jumamosi, 9 Agosti

Nimekwangua kutwa nzima. Mzee Yoramu ameziona silikoni zangu. Akavuta uzi mwekundu kutoka kwenye sampu, mrefu, akauinua juani, akauliza kama watu wa Kahe wanafuga minyoo. Akasema ungekatika na kuziba chujio la oili, na injini ingekufa kwa kiu huku imejaa oili. Mimi nikatikisa kichwa kuwalaumu watu wa Kahe.

Amenipa kipande cha mti mgumu nikwangulie, si chuma, chuma kinachuna. Gundi yoyote, anasema, ya bei au ya bure, haishiki juu ya uchafu. Safisha kwanza mpaka uone chuma chenyewe, ndipo uulize upake nini. Akanitazama. Sijui kwa nini alinitazama. Nilikuwa nakwangua vizuri tu.

Mchana amefungua pampu ya maji. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Nilikuwa na malapa.

Gasketi ilitoka nzima! Nyeusi, ngumu, utomvu umeihifadhi kuliko maiti wa Misri. Akaisafisha kwa kidole. Chini ya utomvu kulikuwa na mwandiko wa kalamu. Akauliza kama Kahe wana desturi ya kuziba pampu kwa barua. Nikasema Kahe kuna kila kitu. Akaikunja ndani ya leso, akaitia mfuko wa shati, penye kitabu chake cha nyimbo.

Naikumbuka barua ile. Niliiandika kwa siku tatu, usiku. Ilikuwa ya kumpa Elinipendo siku ile ile. Badala yake nikaikata kwa mkasi, kwa sababu ya tone.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani. Baba mkwe benchi la pili kushoto. Mzee Yoramu benchi la pili kulia. Wote wawili wanaimba sauti ya nne. Wanavuta pumzi pamoja, wanamaliza pamoja, hawatazamani. Nimewaona hivyo Jumapili zote hizi na sijawahi kuumia. Leo nimeumia.

Elinipendo amenipikia mtori. Sijamaliza. Akauliza kama meno yanauma, kwa ile dawa iliyopauka. Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo kabisa. Nikaomba chumvi.

Jumatano, 13 Agosti

Kichwa cha injini kimerudi kutoka mjini, kimechongwa, kinang'aa. Leo tumefunga.

Jambo limetokea asubuhi. Mzee Yoramu ametoa boksi chini ya kitanda, limefungwa kwa kitenge cha marehemu mkewe. Ndani kuna seti nzima ya gasketi za Chungwa, mpya, kila moja na karatasi yake. Aliagiza Nairobi mwaka ule ule, zikavuka mpaka wa Holili wiki moja baada ya ugomvi. Alitaka alitengeneze bure. Hakupata mlango wa kuingilia. Akaziweka. Kila mwaka wakati wa kahawa alizitoa, akazipangusa vumbi, akazirudisha. Ni moja tu iliyoliwa na panya, ya pampu ya maji.

Hakusema kwa nini anampa gasketi hizi mtu wa Kahe. Sikuuliza. Nilijifanya moshi wa kuni umeniingia machoni. Kuni zilikuwa hazijawashwa.

Nimejifunza haya, naandika nisisahau. Gasketi ya kichwa huvaa kavu. Kavu kabisa! Nilipotaka kuongeza bluu kidogo amenipiga kiganja kwa kijiko. Sampu: gundi nyeusi, wembamba wa uzi wa kushonea, isubiri ishike ndipo oili itiwe. Kava la juu ni mpira, tone kwenye kona tu. Pampu ya maji: alikata karatasi yake mwenyewe, ile ya kazi, akaipaka gundi laini isiyokauka, nyembamba mpaka ikawa kivuli. Kila boliti akaikaza kidogo kidogo, huku na huku, kama anayefunga nguo ya mtoto mchanga. Nikauliza kama hiyo kidogo inatosha. Akasema gundi nyingi si nguvu, ni woga.

Alipokwenda kunywa uji nimeongeza tone moja la silikoni nyekundu. Alirudi, akanusa, akafungua tena, akanipa kile kipande cha mti.

Alhamisi, 14 Agosti

Naandika polepole.

Injini imekamilika. Mzee Yoramu amenawa, amekaa kwenye kigoda, akasema sasa mtu wa Kahe aje achukue mashine yake mwenyewe. Nikaanza kueleza kwamba mtu wa Kahe ana mafua. Akainua mkono nikanyamaza.

Akasema ana neno moja. Tangu mwaka 1994 hajalala usiku mmoja bila kuifunga tena pampu ile kichwani mwake. Boliti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Anatafuta aliposahau. Hajapapata. Mwisho aliamini kwamba mikono yake ilikuwa imeanza kuzeeka akiwa na miaka hamsini na miwili, na ndiyo maana aliacha kazi, asije akaua mtu. Akasema angependa kujua, kabla hajafa, kama mikono yake ilikosea.

Nililia. Nimeandika hivyo hivyo, nililia, mtu mzima mwenye pensheni. Nikamwambia mikono yake haikukosea. Nikamwambia yote, tone, mkasi, mgomba, ulezi.

Akaitazama mikono yake, mbele na nyuma, akaikunja na kuikunjua kama mtu aliyeletewa viatu vyake vilivyopotea. Alikuwa amejua tangu Jumamosi, anaujua mwandiko wangu kwa miaka ya risiti za kahawa. Alikuwa ananisubiri. Akasema mimi ni mgumu kuchemka kuliko maharage ya zamani. Kisha akaonyesha kwa kidevu ile mimea ya isale kwenye mpaka wa kihamba chake, shamba lake la nyumbani. Nikachume jani. Si lake, yeye ameshapokea machozi. La yule wa ng'ambo.

Nimevuka mfereji na isale mkononi. Kwa wasioijua desturi: kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani la isale, na aliyepelekewa hawezi kukukatalia msamaha. Mimi niliijua tangu utotoni. Jani lilikuwa hatua hamsini kutoka kwangu miaka yote hii.

Baba mkwe alikuwa na Eliezeri. Nilipiga magoti, nikatoa jani kwa mikono miwili, nikasema yote. Eliezeri alianza kucheka, akaacha katikati. Baba mkwe alilipokea. Hakusema nimesamehewa. Aliuliza swali moja tu. Yoramu hakukosea? Nikasema hakukosea, baba.

Akaomba fimbo. Akasimama. Hakuliweka jani chini. Jani lile lile, akalishika mbele yake, akateremka barazani, akapita migomba, akaelekea mferejini. Eliezeri alitaka kumshika mkono, akakataa. Mzee Yoramu alikuwa amesimama upande wa pili. Hatukusikia walichosema, Kichagga cha zamani, maneno machache. Niliona tu kwamba jani lilivuka. Kisha baba mkwe akashindwa kuuruka mfereji, na yule mwenye miaka themanini na tatu akaingia majini na viatu vyake ili amshike.

Jumamosi, 16 Agosti

Shukrani! Jana wale vijana wa kwaya waliirudisha injini bandani na Mzee Yoramu akaifunga garini. Leo usharika wote. Baada ya baraka, Mzee Yoramu mwenyewe akaketi kwenye usukani. Chungwa likakohoa mara mbili, likatoa manyoya ya kuku kwenye ekzosi, likanguruma. Jamani! Sauti ile! Mzee Yoramu akashuka, wazee wawili wakasimama bega kwa bega, vichwa vimeinama upande mmoja, wanasikiliza. Baba mkwe alikuwa analia bila kujificha. Eliezeri amempigia simu mtu wa lori kumwambia asije. Nimehakikisha nimesimama karibu ili nisikie akisema.

Jambo la pili. Mzee Yoramu amempa Elinipendo ile leso. Mke wangu ameifungua gasketi mbele ya dirisha. Juu panasomeka "Elinipendo, mimi si". Chini panasomeka "mpaka tuzeeke". Katikati ni tundu la maji.

Akaniuliza kwenye tundu kulikuwa na nini. Nikasema sikumbuki. Akasema wenzake wote waliandikiwa barua za uchumba, yeye peke yake hakupata, na siku zote alidhani sikuwa na la kumwandikia. Hakusema kwa hasira. Aliipangusa kwa kitenge na kuiweka ndani ya Biblia.

Nilimwona mzuri kuliko mwaka 1994. Nimeshindwa kumwambia, watu walikuwa wengi.

Kabla ya ibada nilikaza boliti moja ya pampu, kidogo tu, ili na mimi niwe nimechangia.

Jumapili, 17 Agosti

Nyumba imetulia. Wazee wamekwenda kanisani pamoja kwa miguu, benchi moja, watachelewa kurudi kwa sababu wana habari za miaka thelathini na moja. Elinipendo amekwenda nao. Nimebaki na Chungwa. Wameniachia amri moja: nisiguse.

Nimekumbuka vyote vilivyokuwa kwenye tundu. Nilikuwa nakumbuka hata jana. Elinipendo akirudi nitampa ukurasa huu, leo, bila kungoja. Barua ilikuwa hivi:

Elinipendo, mimi si mtu wa kutulia. Nitaharibu vitu vingi maishani, najijua. Lakini sitaharibu kitu nikakukimbia. Nitakaa nikitengeneze, na kama giza litaingia, wewe unishikie taa. Nikiona uso wako kwenye mwanga ule nitajua pa kukaza na pa kuacha. Nakuomba unishikie taa mpaka tuzeeke.

Hiyo ndiyo barua. Imekamilika, haina tundu. Nimeisoma mara mbili na kujipongeza. Nilikuwa natoka nayo bandani nimpokee mke wangu langoni, nikalitupia Chungwa jicho.

Pampu ya maji inadondosha. Tone moja. Ni pale kwenye boliti yangu.

Mzee Yoramu akirudi ataliona. Baba mkwe ataliona. Eliezeri ataliona! Na karatasi ya kazi imekwisha, na maduka ya mjini yamefungwa, na silikoni walinificha. Lakini mgomba uko hatua tatu kutoka hapa, na unga wa ulezi uko jikoni. Safari hii nitapaka nyembamba, mpaka iwe kivuli. Kosa la mwaka ule lilikuwa unene.

Inatakiwa karatasi nzuri tu, imara, ukubwa wa kiganja. Huu ukurasa unatosha kabisa. Elinipendo ni mvumilivu. Mkasi uko wapi?